Uso wa Mama Jo

Filamu ya vita ina bunduki. Filamu ya kutisha ina giza na mlango unaofunguka wenyewe. Filamu ya mapenzi ina nyimbo, nguo nzuri na mvua ya kusingizia. Filamu ya familia haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina sufuria, kitanda, mama, mtoto, labda baba aliyechelewa kurudi, na jambo moja ambalo kila mtu ndani ya nyumba analijua na hakuna anayetaka kulitamka. Mzigo wote uko mabegani mwa waigizaji. Wakiwa dhaifu, utaona watu wanaokariri maneno waliyopewa. Wakiwa hodari, mwanamke anayekunja nguo tu anaweza kukusahaulisha kwamba umekalia bidoni tangu jua lizame na miguu imekufa ganzi.

Nalisema hili nikiwa Nkamira, mahali ambapo watu wana sababu nyingi za kupenda filamu za bunduki na sababu nyingi zaidi za kuzichoka.

Kwa asiyepajua: Nkamira iko sekta ya Kanzenze, wilaya ya Rubavu, karibu na barabara ya lami inayotoka Musanze kushuka Gisenyi. Ardhi ni ya volkano, mawe meusi, viazi kila upande. Asubuhi ukungu unalala juu ya paa za mahangari, na siku ukiondoka mapema unaiona Karisimbi yote. Kituo chetu kinaitwa cha kupita, lakini wako waliofika mwisho wa mwaka 2022 wakahesabu misimu ya mvua hapa kabla ya kupandishwa mabasi ya kwenda Mahama, kule Kirehe, mashariki ya nchi. Mahali pa kupita jioni huwa ndefu. Ndiyo maana tunatazama filamu.

Pale senta kuna nyumba ya video. Ukiwa na faranga mia unaingia, unakaa kwenye benchi, unatazama Wachina wakirushana juu ya miti. Filamu zote ni za agasobanuye. Ndugu zetu wa mashirika ambao hawajawahi kuingia humo, acheni niwaeleze. Neno linatoka kwenye Kinyarwanda, gusobanura, yaani kueleza. Mtu mmoja anachukua filamu ya Kichina, ya Kihindi au ya Kimarekani, anashusha sauti yake, anashika maikrofoni na kusimulia kila kitu kwa lugha ya nyumbani. Anatafsiri, anatania, anampa adui jina la jirani. Uganda wanao, wanawaita vijei. Kenya wana DJ Afro. Tanzania walikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ilivuka ziwa ikatufikia hata sisi wa Kivu kwenye kanda za zamani. Kazi hii naiheshimu. Bila wao, mama zetu wasingejua Bruce Lee anasema nini.

Lakini msimuliaji ana adui mmoja, naye ni kimya. Kimya kikizidi sekunde tatu anaona kama deni, lazima alipe. Mtu akikaa kitandani akitazama ukuta, msimuliaji atasema: "Sasa hapa anamuwaza mke wake aliyemkimbia." Watu wanacheka, filamu inasonga. Kwenye kung-fu hakuna hasara. Kwenye filamu ya familia ameondoa kitu chenyewe. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na filamu ya familia imejengwa kwa kimya hicho. Ukikijaza maneno, umemnyang'anya mwigizaji chombo chake cha kazi.

Kwa hiyo sisi vijana wachache tulianza kuonyesha filamu bila msimuliaji, ndani ya hangari, kwa kompyuta ya rafiki, shuka jeupe na spika ndogo ya kuchaji. Sheria ilikuwa moja: atakayeeleza atatoka nje. Filamu ya kwanza tuliyochagua ilikuwa ya Kiswahili kwa sehemu kubwa, ili wengi wafuate wenyewe. Inaitwa Supa Modo.

Ni filamu ya Kenya ya mwaka 2018, ya kwanza ndefu ya mwongozaji Likarion Wainaina. Ina dakika 74 tu. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka huohuo katika sehemu ya filamu za watoto, na jopo la watoto wenyewe likaitaja kwa heshima. Kenya iliituma kuiwakilisha kwenye Oscar. Hadithi yenyewe unaweza kuisimulia kabla maji hayajachemka: Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, anapenda mashujaa wa filamu wanaoruka angani. Mama yake anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini ili siku zilizobaki azimalizie nyumbani. Dada yake, Mwix, hakubali mdogo wake afe akiwa amefungiwa chumbani, basi anamwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu, na anakiingiza kijiji kizima kwenye mchezo huo. Mama hataki. Mwishowe kijiji kinatengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa.

Ona jambo hili. Tangu dakika za mwanzo tunajua mtoto atakufa. Hakuna anayemwinda, hakuna siri ya kufichuliwa mwishoni, hakuna dawa inayotoka ng'ambo. Kwa desturi ya nyumba ya video, filamu imeshakwisha kabla haijaanza. Lakini watu zaidi ya sitini hawakuondoka, na wengi wao walikuwa wamesimama. Kilichowashika ni nini?

Kwangu jibu ni Marrianne Nungo, anayecheza mama, na Stycie Waweru, anayecheza Jo.

Mama huyu ni mkunga. Kazi yake ni kupokea watoto wa wenzake wakiingia duniani huku wa kwake akitoka. Hebu fikiri mwigizaji dhaifu angefanya nini na jambo zito kama hilo. Angelia tangu mwanzo. Angejishika kichwa, angemwita Mungu, angeanguka chini, nasi tungemwonea huruma kwa dakika kumi kisha tungechoka, kwa sababu mtu anayelia mfululizo hakuachii nafasi ya kulia wewe. Nungo anafanya kinyume. Anamcheza mwanamke mkali. Anatoa amri. Anataka mtoto alale, ale, asitoke nje, asichoke. Anamgombeza dada mtu. Machozi yapo, unajua yapo, lakini kayapa kazi nyingine ya kufanya. Hasira yake ndiyo woga wake uliovaa nguo za kazini.

Kule hangarini jambo hili lilizua ugomvi. Filamu haijafika katikati, mzee mmoja akasema kwa sauti: "Uyu mama iko na roho mbaya. Mutoto anakufa, na yeye anamukatalia kucheza?" Nilitaka kumkumbusha sheria yetu, lakini mama mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida haongei kwenye mikutano, alinitangulia: "Muzee, haiko roho mbaya. Ni woga. Mi nilionaka woga ile." Mzee akanyamaza. Wote tukanyamaza. Hakuna aliyemuuliza aliiona wapi.

Mwigizaji hodari anafanya kazi hiyo. Mwongozaji angeweza kumwandikia Mama Jo hotuba: mimi ni mkali kwa sababu naogopa. Tungesikia, tungekubali, tungesahau. Lakini mwigizaji alipoificha sababu ndani ya ukali, ilibidi kila mmoja wetu aitafute mwenyewe, na kila mmoja aliikuta mahali pake. Mzee hakuikuta mpaka alipoonyeshwa. Yule mama aliikuta mara moja, maana aliijua nyumba hiyo.

Halafu kuna mtoto. Filamu nyingi zenye mtoto mgonjwa zinamfanya malaika, anasema maneno ya hekima kama padri. Stycie Waweru anamcheza mtoto. Anachoka, ananuna, anafurahi kupita kiasi. Na anacheza jambo gumu kuliko yote: Jo anajua. Watu wazima wamejipanga kumdanganya kwa upendo, naye anatambua kwamba nguvu zile si zake, ni zawadi ya kijiji. Na bado anaendelea, kwa muda, kwa sababu ameona furaha wanayopata wakimpa. Kwa hiyo katika nyumba ile kila mtu anaigiza mbele ya mwenzake. Mama anaigiza ukali, dada anaigiza miujiza, mtoto anaigiza kutojua. Waigizaji wanaigiza watu wanaoigiza, nasi tunaona tabaka zote mbili kwa pamoja. Sijui mtu angeandika vipi jambo hilo kwa maneno. Kwenye uso linaonekana.

Nisije nikadhaniwa nasema uigizaji ni wa watu waliosomea tu. Mfano mzuri wa kinyume uko hapahapa Rwanda. Mwongozaji Lee Isaac Chung, Mmarekani mwenye asili ya Korea, alikuja Kigali akafundisha vijana kazi ya filamu, na pamoja nao akatengeneza Munyurangabo, kwa Kinyarwanda, kwa siku kumi na moja tu za kupiga picha. Mwaka 2007 ilionyeshwa Cannes. Vijana wawili wanaoshika hadithi, Jeff Rutagengwa na Eric Ndorunkundiye, hawakuwa waigizaji wa kazi. Rafiki wawili wanasafiri. Mmoja anapitia kwao, kwa wazazi aliowaacha miaka mitatu. Wanakaa. Wanalima. Baba hamtaki yule rafiki kwa sababu ya kabila lake, na jambo hilo linaingia nyumbani polepole kama moshi. Sehemu kubwa ya filamu ni hiyo tu, familia inayojaribu kuishi siku chache pamoja.

Wale vijana hawajui hila za kuigiza, lakini wanajua jembe. Mwili wa mtu aliyelima tangu utotoni haudanganyi anaposhika mpini. Baba akimtazama mwanawe akilima, huoni wawili walioambiwa wasimame pale. Ukweli wa mikono unabeba ukweli wa maneno. Ninavyoona mimi, mwigizaji aliyesomea anatumia miaka kuutafuta ukweli ambao mkulima anao bila kuuomba, na mkulima naye akiwa mbele ya kamera anahitaji mwongozaji mwenye subira ili asiupoteze.

Chung huyohuyo, miaka mingi baadaye, alitengeneza Minari, ya mwaka 2020, kuhusu familia ya Wakorea wanaohamia mashambani Arkansas kuanza maisha upya kwenye ardhi ngeni. Sitaki kuisimulia yote. Wakimbizi wataielewa bila mimi. Nataka tu mumtazame bibi. Youn Yuh-jung, aliyeigiza miaka mingi kwao Korea, anamcheza bibi anayekuja kulea wajukuu na mjukuu hamtaki, anasema hafanani na bibi wa kweli. Bibi anatukana, anacheza karata, anacheka vibaya. Baadaye anapooza, na mwigizaji yuleyule aliyekuwa na ulimi mkali analazimika kusema kila kitu kwa macho. Kwa kazi hiyo alipata Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike mwaka 2021, Mkorea wa kwanza kupata tuzo ya Oscar ya uigizaji. Hadithi ya familia inayohangaika na shamba ingeweza kuwa ya kawaida kabisa. Bibi aliichukua kutoka kwenye ukawaida.

Na sisi Wakongomani tuna Félicité. Ni ya mwaka 2017, imeongozwa na Alain Gomis, Mfaransa mwenye asili ya Senegal na Guinea-Bissau, na imepigwa Kinshasa. Ilipata tuzo kuu ya majaji Berlin na Farasi wa Dhahabu wa FESPACO kule Ouagadougou. Félicité ni mwimbaji wa baa. Mwanawe anapata ajali ya pikipiki, hospitali inataka pesa kabla ya kumpasua, na mama anazunguka mji mzima akidai, akikopa, akidhalilishwa. Véro Tshanda Beya, aliyemcheza, hakuwahi kuigiza filamu kabla ya hapo. Tena sauti ya nyimbo si yake, ni ya Muambuyi wa kundi la Kasai Allstars. Mwambie mtu hilo kabla hajatazama, atatazama, na bado hataamini, kwa sababu shingo, mabega na mbavu za Véro zinaimba kweli.

Tulipoionyesha, wanaojua Lingala walifuata maneno. Kwenye Tshiluba hakuna aliyefuata hata neno. Lakini pale Félicité anapokwenda kwenye nyumba ya tajiri na kukataa kuondoka, hakuna aliyeuliza anasema nini. Anaomba kwa namna ambayo haiombi. Hapigi magoti moyoni. Ninyi mliowahi kupanga mstari na kadi mkononi mnaijua shingo ile: mtu anayehitaji, na ambaye hajakubali kwamba uhitaji wake umemfanya kuwa mdogo. Dada mmoja pembeni yangu alinong'ona: "Uyu mama hachezi. Iko anaishi." Kwa mwigizaji sijui kama kuna sifa kubwa zaidi.

Hapa naomba niwageukie kidogo ndugu zetu wa mashirika, kwa sababu jambo hili haliishii kwenye shuka jeupe.

Mchana mimi ni mkalimani wa kujitolea. Nakaa katikati ya mtu anayeeleza na mtu anayeandika. Nimejifunza kwamba naweza kuvusha maneno yote, moja baada ya jingine, na bado nikaacha nusu ya habari upande wa pili wa meza. Siku moja, mahali nisipopataja, mwanamke alieleza yaliyompata njiani. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, tarehe, majina ya vijiji. Macho makavu. Mikono ilikuwa inanyoosha kitenge magotini, inanyoosha, inanyoosha, kitenge ambacho hakikuwa na mkunjo hata mmoja. Aliyekuwa akiandika aliniambia: "Muulize yalimuuma kiasi gani, maana simuoni akilia." Kanuni ya mkalimani ni kutafsiri kilichosemwa, si kuongeza. Nikatafsiri swali. Mwanamke akanitazama mimi, si yeye, akasema: "Mwambie nimemaliza."

Simlaumu sana yule aliyeuliza. Naye ametazama filamu mbaya nyingi, kama sisi. Ameona matangazo ambamo mkimbizi ni jicho lenye chozi. Amefundishwa kwamba huzuni ina umbo moja, na mtu asiyelifikia umbo hilo huenda haumwi, au huenda anadanganya. Na sisi tumejifunza jambo hilohilo kutoka upande wetu. Wako watu hapa wanaojua kwamba ukilia vizuri unasikilizwa haraka. Hatuwezi kuwalaumu nao, lakini tujue matokeo yake: anayelia kwa ufundi anaaminiwa, na anayenyoosha kitenge anaulizwa mara ya pili.

Sisemi kwamba filamu itawafanya watu waone ndani ya mioyo. Nasema kwamba kumtazama Nungo kwa dakika 74, bila mtu wa kukuelezea, ni mazoezi ya macho. Unajifunza kuuliza: mtu huyu anashughulika na nini sasa hivi ili asishughulike na lile jingine? Swali hilo lina kazi kwenye filamu, lina kazi kwenye meza ya mahojiano, na lina kazi nyumbani.

Nyumbani kwetu lilifika bila kubisha hodi.

Baba yetu alibaki upande wa Masisi. Hatuna habari yake. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka tisa, sawa na Jo, na kwa muda mrefu mama alikuwa akimwambia baba atakuja. Mwanzoni ilikuwa "akishapata gari." Baadaye ikawa "Ijumaa." Ijumaa ikipita, inakuja nyingine. Sote wakubwa tuliingia kwenye mchezo huo, kama kijiji cha Jo. Mjomba akipiga simu, tunasema amesalimiwa na baba. Mtoto alikuwa anaitikia, anafurahi, anauliza baba ataletewa blanketi gani. Tulidhani tunamlinda.

Kesho yake baada ya Supa Modo, tukinywa uji, aliuliza bila kuinua kichwa: "Mama, Jo alijuaka tangu lini kama banamudanganya?"

Mama alishika kikombe. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Nilikuwa nimetoka kuandika kwenye daftari langu mambo mengi kuhusu uso wa Mama Jo, na hapo nikaona uso huohuo umbali wa hatua mbili, bila kamera. Kisha akasema: "Kunywa uji yako."

Siku tatu baadaye alimwita, wakaenda wawili hadi kwenye bomba la maji. Walichozungumza sikijui na sikuuliza. Walirudi na bidoni mbili, mtoto kabeba ile ndogo. Macho yao yote mawili yalikuwa mekundu. Tangu siku hiyo, hakuna mtu kwetu anayesema Ijumaa. Mtoto anataja jina la baba zaidi kuliko zamani, si pungufu. Anasimulia jinsi alivyokuwa akipiga mluzi, jinsi alivyoogopa mbwa. Inaonekana kwamba alipokuwa anatusaidia kudanganya, hakuwa na nafasi ya kumkumbuka.

Sidai kwamba filamu ilifanya hivyo. Mtoto alikuwa anajua tayari. Lakini alihitaji kumwona mtoto mwingine anayejua, ili aone kwamba kujua kunaruhusiwa. Kama Stycie Waweru angecheza malaika, mdogo wangu angeona malaika, na malaika hamfundishi mtu kitu. Alimwona msichana wa rika lake akitunza siri ya wakubwa usoni, akaitambua, maana na yeye alikuwa akiibeba.

Kwa hiyo niwaombe jambo ndugu zangu wa kundi la michezo ya kuigiza, ninyi mnaojitayarisha kwa siku ya wakimbizi, tarehe 20 Juni. Michezo yetu ya uhamasishaji tunaijua. Baba mlevi anapepesuka tangu anapoingia, mama anapiga mayowe, mtoto anatoroka shule, kisha anatokea mtu mwenye kofia ya shirika anasema maneno ya mwisho. Watu wanacheka pale baba anapoanguka. Wakirudi mahangarini, baba mlevi wa kweli hajajiona popote, kwa sababu yeye hapepesuki. Yeye anakaa kimya sana na kujibu kwa adabu, na watoto wake wanajua maana ya adabu hiyo. Mcheze huyo. Atajiona.

Nilihudhuria mazoezi yenu wiki iliyopita. Kwenye mchezo wenu mpya kuna mama anayeletewa habari kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya kuondoka, na jina la mwanawe limo. Dada anayecheza mama alikuwa akipiga kelele na kujitupa chini, kama tulivyozoea. Tulipopumzika aliniuliza: "Sasa hapa nisilie?" Nikamwambia sijui, lakini mama uliyempa ungo wa maharagwe mwanzoni mwa mchezo, ungo huo umeuacha wapi? Ajaribu kuendelea kuchambua.

Akajaribu. Habari ikaletwa, akasema "asante," akachambua. Akatoa jiwe, akaliweka pembeni. Akatoa jingine. Kijana anayecheza mwanawe, ambaye kila siku husahau maneno yake, alitakiwa hapo aseme hotuba ndefu. Hakuisema. Alivuta kigoda, akakaa, akaanza kuchambua naye.